Binti Anataka Uhandisi Umeme: Chuo Binafsi cha Ada Nafuu au Kidato cha Tano?

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambako ninafanya biashara ya nafaka katika soko letu la mahindi. Nina binti wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana katika shule ya kata na kupata daraja la tatu. Alipata C katika Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiswahili, na D katika Hisabati, Jiografia na Kiingereza. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu katika darasa lao walikuwa wachache waliofaulu masomo ya sayansi.

Sasa amepangiwa kidato cha tano, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika shule ya bweni mkoani Singida, na anatakiwa kuripoti mwezi ujao. Baba yake amefurahi na anasema aende, kwa kuwa hakuna ada. Binti mwenyewe hataki. Anataka kusoma uhandisi umeme, na hilo halikuanza jana. Mota ya mashine ya kukamua alizeti ya jirani yetu ilipoungua, alisimama pembeni ya fundi tangu asubuhi hadi fundi alipomaliza kuisuka upya nyaya zake, akawa anamuuliza maswali ambayo mimi hata kuyarudia siwezi.

Amepata chuo binafsi kilichopo Dodoma mjini kinachotoa stashahada ya uhandisi umeme kwa miaka mitatu. Ada yao ni shilingi 950,000 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu nne. Vyuo vingine binafsi tulivyouliza vilitutajia zaidi ya milioni moja na nusu. Wifi yangu, shangazi yake, anaishi Nzuguni na amekubali kumpokea, kwa hiyo hatutalipia hosteli wala chumba cha kupanga. Ofisa udahili wa chuo hicho amenipigia simu akasema tukilipa laki moja ya kushika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi, binti atapunguziwa ada ya muhula wa kwanza, na kwamba baada ya miaka mitatu atakuwa mhandisi kamili.

Kaka yangu anayefanya kazi za ujenzi huko Ihumwa alikuwa ameahidi kunisaidia nusu ya ada, lakini aliposikia ni chuo binafsi amerudi nyuma. Anasema vyuo hivyo ni vya watoto waliofeli, kwamba cheti chake hakitapokelewa serikalini, na kwamba chuo kinaweza kufungwa mtoto akiwa katikati ya masomo. Mimi nina watoto wengine wawili shuleni na mtaji wangu ni magunia ya mahindi niliyohifadhi. Sitaki kumnyima binti yangu njia yake, wala sitaki kutupa fedha. Je, nilipe hiyo laki moja? Na je, njia ipi ni sahihi kwa mtoto huyu?

Mama wa Kibaigwa

Jibu la Mshauri

Mama,

Nianze na lile lenye haraka: usilipe hiyo laki moja kwa sasa. Nafasi katika chuo cha kati haishikwi kwa simu. Mwombaji hutuma maombi dirisha la udahili likiwa wazi, chuo humchagua kwa sifa zake, kisha jina lake hupelekwa kwa Baraza linalosimamia vyuo hivyo, NACTVET, ili lihakikiwe. Chuo ambacho kina nafasi na kinafuata utaratibu huu hakipotezi chochote kikisubiri wiki mbili wakati wewe unafanya uchunguzi. Tena ikifika siku ya kulipa, malipo yaende katika akaunti ya benki yenye jina la chuo, au kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, na risiti utunze. Kamwe fedha isiende katika namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni ofisa wa kweli wa chuo hicho.

La pili ni kauli ya huyo ofisa kwamba binti atakuwa mhandisi kamili baada ya miaka mitatu. Kauli hiyo si kweli, na inanitia mashaka zaidi kuliko unafuu wa ada. Mwenye stashahada ya uhandisi ni fundi sanifu. Hiyo ni kazi yenye heshima na yenye soko, na binti anaweza kuishi nayo maisha yake yote akiipenda. Lakini mhandisi kwa mujibu wa sheria ni yule mwenye shahada ya uhandisi inayotambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambaye Bodi imemsajili. Shahada hiyo huchukua miaka minne, na baada yake kuna mafunzo ya kazini ya miaka mitatu chini ya Bodi kabla mtu hajaomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Matangazo ya ajira serikalini yanatenganisha nafasi hizi waziwazi: Fundi Sanifu daraja la pili huombwa na mwenye stashahada, na Mhandisi daraja la pili huombwa na mwenye shahada aliyekwisha kusajiliwa. Mweleze binti jambo hili mapema, ili akianza safari ajue urefu wake.

Sasa tuje kwenye kidato cha tano. Ninamwelewa baba yake. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali hakina ada, na mzazi yeyote mwenye watoto watatu shuleni lazima alipime jambo hilo. Hata hivyo, swali la kujiuliza ni mahali ambapo njia hiyo inatokea. Ili kudahiliwa shahada ya uhandisi umeme kwa kutokea kidato cha sita, vyuo vikuu vyetu hutaka ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu. Mchepuo wa PCB hauna Hisabati ya Juu. Binti atasoma miaka miwili Fizikia, Kemia na Baiolojia, na mwishoni mlango alioutaka utakuwa umefungwa, isipokuwa aanze upya kwenye stashahada ileile anayoitaka leo. PCB inampeleka mtu kwenye udaktari, ufamasia, maabara na kilimo. Kama binti angekuwa hajui anachotaka, ningekwambia umpeleke Singida bila kusita, kwa sababu mchepuo huo unaacha milango mingi wazi. Lakini huyu anajua, na umenieleza ushahidi wake: msichana aliyesimama siku nzima akitazama mota ikisukwa amekwisha kujieleza bila kuulizwa.

Njia ya stashahada ni ndefu kwa mwaka mmoja tu. Miaka mitatu ya stashahada na minne ya shahada ni saba, na ile ya kidato cha tano, kwa mwenye mchepuo unaofaa, ni sita. Tofauti kubwa ni kwamba mwenye stashahada, hata akikwama kifedha katikati, anabaki na cheti cha kazi mkononi, ilhali aliyemaliza kidato cha sita akakwama hana fani. Ili avuke kwenda shahada, masharti ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu yanataka awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, ambao binti yako anao, pamoja na stashahada yenye wastani usiopungua 3.0. Vyuo vikuu vingine huongeza masharti yao juu ya hapo.

Hivyo ninakubaliana na binti kuhusu fani na njia. Sijakubaliana naye bado kuhusu chuo, na hapa ndipo ninapokuomba utulie nami.

Kabla ya kufikiria chuo chochote binafsi, kuna vyuo vya ufundi vya umma ambavyo barua yako haikuvitaja hata kimoja. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, imekuwa ikifundisha mafundi sanifu tangu mwaka 1957 ilipoanza kama chuo cha ufundi. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wengi bado wanakikumbuka kama Mbeya Tech, nacho kinaendelea kutoa stashahada. Vyote vitatu vinafundisha umeme, na karakana zao zimejengwa kwa miaka mingi. Katika bajeti ya mwaka 2023/24 Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanafunzi wanaojiunga na vyuo hivi vitatu vya ufundi. Piga simu ofisi za udahili za vyuo hivyo uulize mambo mawili: je, dirisha la maombi ya stashahada liko wazi, na je, unafuu huo unamhusu mtu aliyeomba mwenyewe au ni wale tu waliopangwa na Serikali? Ukijibiwa kwamba unamhusu, basi chuo cha 950,000 si tena cha bei nafuu ukikilinganisha, hata ukiongeza nauli ya basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati na gharama ya kula na kulala. Aombe vyuo hivyo, vyote vitatu, wiki hii. Ushindani ni mkubwa na D ya Hisabati haitamsaidia, lakini kuomba na kukosa hakugharimu kama kutoomba.

Akikosa huko, tukitazame chuo cha Dodoma kwa haki.

Kaka yako amesema mambo matatu, na si yote yana uzito sawa. La kwanza, kwamba vyuo binafsi ni vya waliofeli, liache lipite. Sifa za kujiunga na stashahada huwekwa na kusimamiwa na NACTVET kwa chuo cha umma na cha binafsi, na binti yako anazo. La pili, kwamba cheti hakitapokelewa serikalini, nalo halisimami kama lilivyosemwa, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka cheti kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na hayaulizi chuo ni mali ya nani. La tatu, la chuo kusimamishwa, ni la kweli na linastahili kuogopwa. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora, na katika msukosuko wa namna hiyo anayeumia ni mwanafunzi aliyekwisha kulipa. Mweleze kaka yako kwamba hofu yake umeisikia na utaifanyia kazi kwa kukagua. Huenda akairudisha ahadi yake akiona mmekagua pamoja, na ningependa aende nawe chuoni, kwa kuwa mtu wa ujenzi ana jicho la kutambua karakana inayofanya kazi.

Ukaguzi wa kwanza ni wa karatasi. Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye orodha ya vyuo, kozi za kila chuo, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Kinapatikana bure katika tovuti ya Baraza, na binti anaweza kukisoma kwenye simu. Atafute jina la chuo, kisha, hili ndilo watu wengi hulisahau, atafute jina la kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa miaka mingi kwa kozi za biashara au kompyuta, kikaongeza uhandisi umeme juzi kabla ya kuruhusiwa. Kuwepo kwa jina la chuo hakutoshi. Aangalie pia kwamba ruhusa inafika ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, kwa sababu kozi hii hupanda kutoka ngazi ya 4 na ya 5, ambazo ni za astashahada, na chuo kilichoruhusiwa kuishia ngazi ya 5 kitamwacha mwanafunzi njiani akitafuta pa kumalizia. Halafu alinganishe ada iliyoandikwa kitabuni na ile mliyotajiwa. Zikitofautiana sana, kwenda juu au chini, mwombe ofisa akueleze kwa maandishi.

Karatasi ya pili inahusu waliomaliza. Mhitimu wa stashahada anapoomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa tuzo, ambayo wanafunzi huiita AVN, na namba hiyo hutolewa na NACTVET baada ya chuo kuwasilisha matokeo yake yote. Chuo kikizembea kupeleka matokeo, au kikiwa na mgogoro na Baraza, mhitimu hukaa nyumbani na cheti chake huku dirisha la udahili likifungwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo muulize ofisa swali moja lililo wazi: wahitimu wenu wa umeme wa mwaka jana wamepata AVN? Kisha usiridhike na jibu lake. Tafuta mhitimu mmoja au wawili, Dodoma si kubwa kiasi hicho, uwaulize wenyewe. Kama chuo bado hakijatoa mhitimu hata mmoja wa stashahada ya umeme, ujue kwamba binti yako ndiye atakuwa wa kujaribiwa, na mimi nisingempeleka.

Baada ya karatasi kuna karakana, na hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu ndipo vyuo vya ada ndogo hutofautiana kuliko mahali pengine popote. Darasa la uhandisi linaweza kuwa na ubao na viti tu na bado likafundisha nadharia vizuri. Umeme haujifunzwi hivyo. Nendeni siku ya kazi, saa za masomo, bila kutoa taarifa ndefu, mkaombe kuonyeshwa karakana ya umeme. Msionyeshwe picha wala jengo linalokusudiwa kukamilika mwakani. Ndani yake mnatarajia kuona mbao za mazoezi ambazo wanafunzi hufungia waya, swichi, soketi na mabomba ya kupitishia nyaya, mota za njia moja na za njia tatu, transfoma ndogo za majaribio, vibao vya kudhibiti mota, na vifaa vya kupimia kama multimita vinavyotosha kikundi kushika kila mmoja kwa zamu. Lakini vifaa kuwepo hakutoshi. Karakana inayotumika ina vipande vya nyaya vilivyokatwa sakafuni au kwenye boksi, ina swichi zilizoungua zilizowekwa kando, mbao zake zina matundu mengi ya skrubu za wanafunzi waliopita, na mtunza karakana anajua funguo ziko wapi bila kumpigia mtu simu. Mota yenye vumbi juu na karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni haijafundisha mtu.

Binti azungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu, msiwepo ninyi wakubwa. Amuulize mmoja wao: wiki iliyopita mlipima nini, na ulishika kifaa mwenyewe au ulitazama mwalimu akishika? Aombe kuona kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, ambacho mwanafunzi huandika kila siku anapokuwa kazini. Kurasa zenye michoro ya saketi, vipimo na sahihi za msimamizi humweleza mtu mengi. Aulize pia nafasi za mafunzo hayo hupatikanaje. Dodoma ya leo ina fursa nyingi: kituo kikubwa cha kupoza umeme cha Zuzu, reli ya umeme iliyoanza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, majengo ya Mji wa Serikali Mtumba, na ofisi za TANESCO. Chuo chenye mahusiano na sehemu hizo huwapeleka wanafunzi wake kwa barua na kuwafuatilia. Chuo kisicho nayo humpa mwanafunzi barua tupu akazunguke nayo mwenyewe, na wengi huishia kukaa nyumbani wakitafuta mtu wa kuwasainia.

Kuhusu walimu nitasema kwa ufupi. Uliza wangapi wa umeme wameajiriwa moja kwa moja na wangapi huja kufundisha na kuondoka. Mwalimu wa muda si mbaya, na baadhi yao ni watu wenye kazi nzuri ofisini, lakini kozi nzima ikisimama juu ya walimu wa muda, vipindi vitaahirishwa kila wanapotingwa.

Sasa fedha. Ile 950,000 ni ada peke yake. Omba jedwali la malipo yote ya miaka mitatu, lenye saini na mhuri, likionyesha usajili, mitihani, kitambulisho, tozo ya Baraza, bima ya afya, mchango wa mafunzo kwa vitendo, ovaroli na viatu vya usalama, vitabu na vifaa binafsi. Uliza kama ada ya mwaka wa kwanza ndiyo itakayobaki mwaka wa tatu. Chuo kilichokutajia 950,000 kikiwa na michango ya laki nne pembeni hakina tofauti kubwa na kile cha milioni moja na nusu ambacho kimejumlisha kila kitu, na pengine cha pili kina karakana nzuri zaidi. Uliza pia sera yao kwa mwanafunzi aliyechelewa kulipa, kwani vyuo vingi humzuia kuingia kwenye chumba cha mtihani, na mtihani uliokosa unaweza kukugharimu mwaka mzima.

Wewe ni mfanyabiashara wa nafaka na unajua kuliko mimi kwamba mahindi yanayouzwa wakati wa mavuno hayana bei ya yale yanayouzwa Januari au Februari. Chuo kinaanza Septemba au Oktoba, na awamu mbili za mwanzo zinaweza kukulazimisha kuuza magunia kabla ya wakati. Nenda kwa mhasibu wa chuo kabla ya kujiunga, umwombe ratiba inayoweka kiasi kidogo mwanzoni na kikubwa kuanzia Februari, na ikubaliwe kwa barua. Vyuo vidogo mara nyingi hukubali, na huo ni uzuri mmoja wa kweli walio nao, kwamba mzazi anaweza kuonana na mwenye uamuzi. Usikope kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa wa kausha damu kwa ajili ya ada, hata kwa wiki moja. Kikundi chako cha VICOBA, kama unacho, kitumie kwa pengo dogo tu. Ujue pia kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada zilizopewa kipaumbele. Binti asome mwongozo wa mwaka huu aone kama kozi na chuo vimo, aombe kama vimo, lakini hesabu zako zifanye kama vile mkopo huo haupo.

Kukaa kwa shangazi Nzuguni ni msaada mkubwa, na kwa binti wa miaka 17 ninauthamini kuliko punguzo lolote la ada. Shukuru, lakini kaeni na wifi yako mzungumze mapema kuhusu chakula, nauli ya daladala, kazi za nyumbani na muda wa kusoma usiku. Binti mwenye masomo ya uhandisi anayetegemewa pia kupika, kufua na kulea watoto wa nyumba hiyo atashindwa, na hatakuwa amemkosea mtu.

Jambo ambalo hakuna yeyote kati yenu aliyelizungumzia kama tatizo ni ile D ya Hisabati. Inamruhusu kuingia, ila haitambeba. Mwaka wa kwanza una hesabu za uhandisi, na saketi za umeme zote ni hesabu. Kuanzia sasa hadi chuo kifunguliwe, atafutiwe mwalimu wa tuisheni hapo Kibaigwa au Kongwa arudie aljebra, trigonometria na grafu. Fedha hiyo ndogo ndiyo ninayoiona yenye faida kuliko nyingine zote katika mpango huu, kwa sababu wastani wa 3.0 atakaouhitaji kwenda shahada hujengwa tangu muhula wa kwanza.

Kama atakosa nafasi katika vyuo vya umma, na chuo cha Dodoma kikaonekana na mapungufu kwenye karatasi au karakana, bado msiwe na hofu ya mwaka mmoja. Chuo cha VETA hapo Dodoma hufundisha ufundi wa umeme kwa gharama ndogo, na binti anaweza kuanzia huko huku akiomba vyuo vya umma kwa dirisha linalofuata. Atakuwa ameshika zana, na kazi ya kufunga umeme majumbani ina leseni yake inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu, kwa hiyo anachojifunza hakipotei akipanda juu.

Uamuzi wangu, kwa kuwa umeniomba uamuzi, ni huu. Aombe DIT, Arusha na Mbeya kwanza. Chuo cha Dodoma kiwe cha pili, kwa masharti kwamba kozi ya umeme imo kwenye mwongozo hadi ngazi ya 6, wahitimu wake wana AVN, na karakana mmeiona ikitumika. Sharti moja likikosekana, kiacheni. Nafasi ya Singida msiitupe leo. Soma fomu ya kujiunga uone siku ya mwisho ya kuripoti, na uchunguzi wote huu ufanyike kabla ya siku hiyo, ili baba yake naye aone mlichokiona na akubali kwa moyo wake. Ukifika chuoni Dodoma na kaka yako, anzeni na karakana, na ofisi ya ofisa udahili iwe ya mwisho. Niandikie mliyoyakuta, pamoja na jedwali la malipo kama watakupa, nami nitalipitia nawe kipengele kwa kipengele kabla hujalipa shilingi yoyote.